"Akiba" Isiyo Akiba: Uhakiki wa Istilahi Moja ya Kompyuta

Utangulizi

Miongoni mwa istilahi za kompyuta zilizokwisha kuingia mikononi mwa wananchi, iko moja ambayo sura yake ni ya upole na ukoo wake ni wa heshima. Neno lenyewe ni "akiba". Mwenye simu inayotumia Kiswahili akifungua sehemu ya mipangilio hukutana na amri isemayo "Futa akiba". Mwanafunzi wa kompyuta huelezwa kwamba programu ya wavuti hujibu upesi kwa sababu ina "akiba" ndani ya kumbukumbu. Wafasiri wengine wamekwisha kulinyambua neno hilo wakapata kitenzi "kuakibisha". Makala haya yanakusudia kulipima neno hilo kwa kitu linachokitaja. Hoja yetu ni kwamba neno ni zuri, ila limepewa kazi isiyokuwa yake. Na kwamba kosa hilo si la urembo wa lugha tu, bali laweza kumfanya mtu aogope kufuta kisichodhuru, au aamini kilichokwisha kupitwa na wakati.

Hatuwalaumu waliolichagua. Wakuzaji wa istilahi wamefundishwa, na kwa haki, kwamba kabla ya kubisha hodi kwa jirani hapana budi kutafuta kwanza ndani ya nyumba. "Akiba" ni neno fupi, linafahamika mjini na shambani, na lina harufu ya uangalifu. Hata hivyo kanuni hiyo ina sharti lake. Neno la zamani likipewa maana mpya, maana ya zamani haihami. Hubaki ikikaa pamoja na mgeni. Zikipatana, msomaji hupata faida ya bure, kwa kuwa lile analolijua humsaidia kuelewa lile asilolijua. Zisipopatana, ya zamani ndiyo hushinda, kwa kuwa ndiyo yenye mizizi.

Kitu chenyewe

Tuanze na kitu kabla ya jina. Programu ya wavuti, iwe ya benki, ya gazeti au ya idara ya serikali, huweka taarifa zake katika kanzidata, ambayo wengine huiita hifadhidata. Humo ndimo uliko ukweli wa taarifa: jina la mwombaji, salio la mteja, alama za mtahiniwa. Kila mtu afunguapo ukurasa, programu huiuliza kanzidata. Nayo hutafuta katika majedwali, huyaunganisha, huhesabu, kisha hujibu. Wakiuliza watu kumi, kazi hiyo si kitu. Wakiuliza watu laki moja kwa saa moja, na wote wakauliza swali lilelile, kanzidata hurudia kazi ileile mara laki moja. Foleni hurefuka, na ukurasa hauji.

Dawa iliyobuniwa ni nyepesi kueleza. Jibu likishapatikana mara ya kwanza, nakala yake huwekwa katika kumbukumbu ya kompyuta chini ya jina maalumu liitwalo ufunguo. Anayefuata akiuliza, programu hutazama kwanza katika kumbukumbu hiyo. Ikiikuta nakala, huitoa papo hapo. Ikiikosa, ndipo huenda kwenye kanzidata, ikaleta jibu, ikaacha nakala kwa ajili ya wajao. Nafuu yake ni kubwa. Kukifikia kitu kilichomo katika diski ya kuzunguka huchukua milisekunde 10 hivi. Kukifikia katika kumbukumbu ya kompyuta huchukua nanosekunde 100 hivi, yaani tofauti ya mara laki moja. Diski za kisasa zisizozunguka zimeupunguza umbali huo, lakini hazikuumaliza. Na hata pale ambapo diski ni ya kasi, kazi ya kutafuta na kuunganisha majedwali huwa imeokolewa.

Lakini kumbukumbu ni ghali na ni ndogo kuliko diski, tena umeme ukikatika husahau yote. Kwa hiyo nakala hizo haziwekwi milele. Kila moja aghalabu hupewa muda wake, pengine sekunde 60, pengine saa nzima. Na nafasi ikijaa, zile ambazo hazijaulizwa kwa muda mrefu huondolewa ili kuzipisha mpya.

Mwalimu anayetaka mfano wa nyumbani anao tayari. Kisima kiko mbali. Mtungi uko mlangoni. Mwenye kiu hachukui ndoo kwenda kisimani, bali huchota mtungini kwa kata. Mtungi ukiwa mtupu, mtu huenda kisimani akaujaza. Maji yakikaa sana humwagwa, na hakuna anayelia, kwa sababu kisima kipo. Mfano huu una upungufu mmoja: maji yaliyotekwa hupungua kisimani, ilhali taarifa iliyonakiliwa haipungui katika kanzidata. Nje ya hapo, mfano unatosha.

Safari ya jina

Jina linalotumiwa na mataifa mengi kwa kitu hiki lina historia ambayo mfasiri hana budi kuijua. Mwaka 1965 Maurice Wilkes wa Chuo Kikuu cha Cambridge alieleza katika makala yake wazo la kuweka kumbukumbu ndogo yenye kasi mbele ya kumbukumbu kubwa isiyo na kasi. Jina alilolitumia, tukilitafsiri neno kwa neno, lilikuwa "kumbukumbu mtumwa". Halikudumu. Mwaka 1968 kampuni ya IBM ilitangaza kompyuta ya System/360 Model 85 iliyokuwa na kumbukumbu ya namna hiyo, na hapo ndipo liliposhika neno lenye asili ya Kifaransa, litokanalo na kitenzi "cacher", yaani kuficha. Jina lilifaa kwa kifaa kile. Mtunga programu hakuiona kumbukumbu ile wala hakuiita. Mtambo wenyewe uliitumia kwa siri.

Mambo yalibadilika kitu kilipohamia katika programu za wavuti. Mwaka 2003 Brad Fitzpatrick, mwanzilishi wa LiveJournal, alitunga Memcached, programu inayokusanya kumbukumbu ya seva nyingi na kuifanya kama mtungi mmoja mkubwa mbele ya kanzidata. Mwaka 2009 Mwitalia Salvatore Sanfilippo alianza kutoa programu yake ya Redis, ambayo nayo huweka taarifa katika kumbukumbu chini ya funguo. Katika programu hizi hakuna kilichofichwa. Mtunga programu mwenyewe ndiye anayeamuru nakala iwekwe, isomwe na iondolewe, na lawama ya nakala isiyo ya kweli ni juu yake.

Kwa hiyo hata Waingereza, walipoliazima neno la Kifaransa, sasa hawalitumii kwa maana yake ya asili. Mfasiri wa Kiswahili hana deni la kutafsiri ufichaji. Deni lake ni kwa kitu kama kilivyo leo.

Kasoro nne za "akiba"

Kwanza, akiba ni mali yenyewe, si nakala. Mkulima akiweka magunia matano ya mahindi darini, hayo ndiyo mahindi. Hakuna mengine mahali pengine yaliyo asilia. Ama nakala iliyo katika kumbukumbu, asilia yake imo katika kanzidata. Hatari ya kuchanganya mambo hayo si ya kinadharia. Iko namna moja ya kazi ambayo taarifa mpya huandikwa kwanza katika kumbukumbu, kisha huhamishiwa katika kanzidata baadaye kwa mafungu. Tuseme ofisi inapokea maombi ya wananchi kwa namna hiyo, na mkuu wa ofisi, ambaye si fundi, akauliza: "Maombi ya leo yako wapi?" Akijibiwa kwamba yako kwenye akiba, atatulia. Lau angejibiwa kwamba yako katika kumbukumbu ambayo umeme ukikatika husahau, angeuliza swali la pili. Neno limemnyima swali hilo.

Pili, akiba huulizwa mwisho, na kitu hiki huulizwa kwanza. Tazama mahali neno linapotumika kwa ufasaha: tairi la akiba, mchezaji wa akiba, jeshi la akiba, fedha za akiba. Katika hayo yote, akiba hungoja hadi cha kwanza kishindwe. Tairi la akiba halifungwi hali magurudumu yote ni mazima. Katika kompyuta mpangilio ni kinyume chake: nakala hutazamwa mwanzo, na kanzidata huendewa pale tu nakala ikosekanapo. Mwanafunzi aliyeshika maana ya kawaida ataichora picha juu chini. Ataweka kanzidata mbele na "akiba" nyuma yake, kisha atashangaa kwa nini programu aliyoichora haina kasi. Tena kitu ambacho kweli hungoja nyuma, yaani nakala za tahadhari zinazotunzwa ili kanzidata ikiharibika irejeshwe, kinastahili zaidi jina la akiba. Na jina limekwisha kuchukuliwa.

Tatu, akiba haiozi. Ndivyo isemavyo methali. Kitu hiki huoza, na kuoza kwake ndiyo shida yake kubwa. Mafundi hupenda kurudia kauli inayohusishwa na Phil Karlton, aliyekuwa mhandisi katika kampuni ya Netscape, kwamba katika taaluma ya kompyuta mambo magumu ni mawili tu: kujua nakala ipi imebatilika, na kuvipa vitu majina. Tuseme chombo cha mitihani kimesahihisha daraja la mtahiniwa aliyeandikiwa kuwa ameshindwa, ilhali amefaulu. Sahihisho limeingia katika kanzidata saa nne asubuhi. Nakala ya ukurasa wake iliwekwa katika kumbukumbu jana jioni na kupewa muda wa saa 24. Hadi jioni ya leo, kila atakayeufungua ukurasa huo, pamoja na karani wa chuo anayepokea majina ya waliochaguliwa, ataona kwamba kijana ameshindwa. Hakuna aliyesema uongo. Ila ni nani aliyefundishwa kuitilia shaka akiba? Kama tungalichagua jina litokanalo na kiporo, basi angalau karani angalijua kwamba chakula kilicholala huonjwa kwanza kabla ya kupakuliwa.

Nne, kupotea kwa akiba ni msiba, na kupotea kwa nakala hizi kwa kawaida si msiba. Turudi kwenye ile amri ya simu. Katika simu nyingi vitufe viwili hukaa jirani. Kimoja huondoa nakala za muda, ambazo programu itazitengeneza tena yenyewe; kingine hufuta taarifa zenyewe za mtumiaji ndani ya programu hiyo. Mama aliyeambiwa na fundi aondoe nakala ili simu ipumue, akisoma "Futa akiba", moyo humwenda mbio: akiba yake ya fedha iko katika simu hiyohiyo. Kitufe cha jirani, ambacho kwa kawaida hutumia neno "data", hakimtishi, kwa kuwa neno hilo kwake ni la vifurushi vya intaneti. Hivyo kisichodhuru kimepewa jina la kutisha, na kidhuru kimepewa jina jepesi.

Katika jambo hili la nne hatuna budi kusema haki yote. Yapo mazingira ambapo kupotea kwa nakala zote kwa mara moja huleta madhara. Mfumo uliozoea kujibiwa na kumbukumbu, kumbukumbu ikiwa tupu ghafla, huielekezea kanzidata maswali yote kwa pamoja, nayo yaweza kulemewa na kusimama. Wahandisi wa Facebook, katika makala yao ya mwaka 2013 juu ya matumizi yao ya Memcached, walieleza namna walivyozuia maelfu ya maswali ya namna moja yasiiangukie kanzidata kwa pamoja. Hata hapo kilichopotea ni wepesi wa kazi. Taarifa haikupotea.

Majina mengine yaliyo mezani

"Hazina" inafanana na "akiba" kwa kasoro zake, na inaongeza moja: "kanzi", iliyomo katika "kanzidata", maana yake ni hiyohiyo hazina. Kanzidata ikiwa hazina, na kilicho mbele yake kikawa hazina pia, mwanafunzi ameambiwa kwamba kitu na kivuli chake ni kimoja.

"Hifadhi ya muda" ni bora, kwa sababu imekiri kwamba kitu hakidumu. Lakini wanaosema "hifadhidata" wanakutana na tatizo lilelile la hifadhi mbili. Tena mambo mengi katika kompyuta ni ya muda. Jina hili haliyatengi.

"Kumbukumbu" peke yake haifai, kwa kuwa ni jina la mahali pazima, na nakala hizi huchukua sehemu yake tu. Watumishi wa serikali wakumbuke pia kwamba kumbukumbu za mkutano ofisini ni kitu kinachotunzwa miaka na miaka, na kumbukumbu ya kompyuta ndiyo husahau taa ikizimika.

"Mtungi" tumekwisha kuusifu kama mfano. Kama istilahi utaleta kicheko, kwa kuwa mtungi wa gesi umekwisha kuenea majikoni. Tuuache darasani.

Limebaki neno la kuazima: "kache". Wako watakaosema kwamba kuazima ni kushindwa. Hatukubaliani nao. Kiswahili kiliazima "kompyuta", na "tarakilishi" na "ngamizi" zikapata mashabiki wao. Wananchi wengi wakaendelea kusema kompyuta, na lugha haikufa. Neno geni lisilo na maana ya zamani lina fadhila moja kubwa: halidanganyi. Msomaji asiyelijua hujua kwamba halijui, akauliza. Asomaye "akiba" hudhani analijua, wala haulizi.

Mapendekezo

Hata hivyo "kache" peke yake humwacha mwananchi wa kawaida gizani. Pendekezo letu ni kutenga vitu vitatu ambavyo "akiba" ilivichanganya: mahali, kitu kilichowekwa, na kitendo. Mahali paazimiwe jina. Kitu na kitendo vielezwe kwa Kiswahili cha kila siku. Tunaweka mbele ya wasomaji orodha ifuatayo:

Kache: sehemu ya kumbukumbu inayowekwa nakala ili majibu yapatikane upesi. Hutumika katika ngeli ya vitu kama "kalamu": kache hii, kache hizi.

Nakala ya karibu: taarifa yoyote iliyomo katika kache, ambayo asilia yake iko mahali pengine.

Kuweka karibu: kutia nakala katika kache. Hili lichukue nafasi ya "kuakibisha".

Kukuta na kukosa: programu kuipata au kutoipata nakala katika kache. Maswali 100 yakiulizwa na 90 yakajibiwa na kache, kiwango cha kukuta ni asilimia 90.

Muda wa uhai: kipindi ambacho nakala ya karibu huruhusiwa kutumika.

Kuchacha: nakala ya karibu kutofautiana na asilia yake baada ya asilia kubadilika. Neno ni la jikoni, na hilo ndilo jema lake. Kila mtu anajua kilichochacha hakifai ingawa sura yake haijabadilika.

Kubatilisha: kutangaza kwamba nakala fulani isitumike tena. Watumishi wa serikali walijua neno hili katika hati na leseni kabla ya kompyuta.

Kupisha: nakala kuondoka kwa sababu nafasi imejaa, hata kama muda wake wa uhai haujaisha.

Mkanyagano: hali ya maswali mengi kuiangukia kanzidata kwa pamoja kwa sababu kache ni tupu.

Kwa mpango huu, kitufe cha simu kitasomeka "Ondoa nakala za karibu", na jirani yake kitasomeka "Futa taarifa zako zote". Yule mama atajua kipi abonyeze bila ya kumwita fundi. Maneno haya ni marefu kuliko "Futa akiba", na wasanifu wa vioo vidogo watanung'unika. Penye uhaba wa nafasi waandike "Ondoa kache". Atakayehitaji kuuliza atauliza.

Liko jambo moja la tahadhari. Redis, tofauti na Memcached, yaweza kuamriwa kuandika taarifa zake katika diski, na wako waitumiao kama kanzidata kamili. Hapo kilichomo si nakala ya karibu tena, bali ni asilia, na fundi asikiite kache kwa sababu tu programu ni ileile. Istilahi ifuate kazi ya kitu. Jina la chombo halitoshi.

Tamati

Watakaopinga watasema kwamba "akiba" imekwisha kuenea, na kwamba kulirudisha neno lililotoka ni kukimbiza maji yaliyomwagika. Hoja hiyo ina uzito, nasi hatutarajii simu zilizo mikononi zibadilike kesho. Lakini vitabu vya shule vinavyoandikwa sasa, miongozo ya mifumo ya serikali inayotafsiriwa sasa, na mihadhara ya vyuo bado imo mikononi mwetu. Waanze hao.

Kwa wafasiri wenzetu tunaacha kipimo kimoja, kinachofaa hata kwa istilahi nyingine za kompyuta zinazohusu utunzaji. Kabla ya kuliandika neno, mwulize mtu asiye fundi: "Kitu chenye jina hili kikipotea, utakuwa umepoteza nini?" Jibu lake likilingana na ukweli wa kitu, neno limefaa. Tumewauliza wengi kuhusu akiba, na jibu lao lilikuwa moja: "Nimepoteza kila kitu."

Maoni ya wasomaji juu ya orodha iliyo hapo juu, na hasa juu ya "kuchacha" na "kupisha", yatapokewa kwa shukrani.